Chupa za Wainidova

Shiumati hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akifunga mlango wa nyumba yake aliuvuta mara tatu kuhakikisha umeshika, na akifika kwenye lango la uani alirudi kuuvuta mara ya nne. Sokoni hakukubali kupimiwa dengu mpaka aone mizani ikiwa tupu kwanza. Mumewe Rampal, alipokuwa hai, alikuwa akimtania mbele ya wageni: "Huyu mke wangu, hata jua likichomoza hutoka nje kuangalia kama ni lile la jana." Wageni walicheka, naye akacheka nao, lakini hakuona kosa lake lilikuwa wapi.

Tabia hiyo ndiyo iliyompatia kazi. Alianza kama mpiga deki katika maabara ya kiwanda cha sukari pale Nasavu, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Vanua Levu. Asubuhi moja alimwambia mkemia wa wakati ule, mzee mmoja mtu wa Queensland, kwamba dawa ya buluu iliyokuwa kwenye chupa kubwa haikuwa ile ya jana, kuna mtu ameitia maji. Mzee alicheka. Kisha akaipima, akaacha kucheka. Msimu uliofuata Shiumati aliweka chini ufagio, akapewa koti jeupe.

Mzee alimfundisha kwa maneno machache. Ndani ya ile buluu mna shaba, na shaba hiyo imepungukiwa na elektroni, inazitafuta kwa yeyote mwenye kutoa. Sukari ya miwa iliyo nzima haitoi kitu. Lakini miwa ikichelewa baada ya kukatwa, hasa ile iliyochomwa moto shambani kwanza, sukari yake huvunjika ikawa ya aina nyingine, na hiyo ndiyo yenye mkono mwepesi. Ukiichemsha pamoja na buluu, sukari hutoa, shaba hupokea, buluu hufa, na chini ya chombo hubaki unga mwekundu kama vumbi la tofali. Vitabuni mtoaji aliitwa kipunguzi na mpokeaji akaitwa kioksidishi. Majina hayo yalimkanganya Shiumati msimu mzima, kwa sababu kila mmoja amepewa jina kwa kile anachomtendea mwenzake, si kwa kile kinachompata yeye mwenyewe. Mwishowe aliandika kwenye daftari lake kwa kalamu nyekundu: Usitazame jina. Uliza nani katoa, nani kapokea.

Kwa maneno hayo alifanya kazi misimu ishirini na minne. Buluu ikifa pole pole, miwa ilikuwa mibichi. Ikifa haraka, miwa ilikuwa imelala. Kiwanda kiliweka mstari, na kundi la wakulima ambalo miwa yake ilivuka mstari lilisimamishwa zamu wiki nzima, malori yake hayaingii getini, na sampuli yake ikivuka tena iliongezewa wiki nyingine. Karatasi ya kusimamisha ilikuwa na sahihi mbili, ya mkuu wa maabara na ya Shiumati.

Msimu wa mwaka tisini na nne, wiki ya nne ya kusaga, chupa za Wainidova zilianza kuvuka mstari.

Wainidova ilikuwa ng'ambo ya milima, sekta ya mbali kuliko zote. Huko hawakusubiri lori lifike kiwandani ndipo wachukue sampuli. Walikamua miwa michache kwenye kinu kidogo cha mkono pale pale kwenye mizani ya sekta, maji yake yakatiwa chupani, na chupa zikaja na gari la kiwanda. Wiki ile ilivuka chupa moja. Wiki iliyofuata zilivuka nne. Wiki ya sita zilivuka zote, na makundi matatu ya Wainidova yakawa nje.

Shiumati hakushangaa. Alijua wakulima. Walichoma mashamba ijumaa ili majani yateketee na kukata kuwe rahisi, kisha wakaiacha miwa chini huku wao wakienda kwenye harusi, wakarudi jumatatu na kuapa imekatwa jana. Miaka ishirini na minne alikuwa amesikia neno jana likisemwa na watu wazima bila kupepesa jicho. Alitia sahihi.

Kiongozi wa kundi moja lililosimamishwa alikuwa Jagessar, mdogo wake marehemu Rampal. Jumapili asubuhi alikuja nyumbani kwa Shiumati amevaa shati lililopigwa pasi, ishara kwamba hakuja kwa wema. Shiumati alimwekea chai na roti mbili zenye viazi barazani. Hakuzigusa.

"Shemeji," Jagessar alisema, "nimekuja kukuuliza neno moja tu, kisha niende zangu."

"Uliza."

"Ni ile ardhi?"

Shiumati alijua anachosema. Rampal alipofariki, Jagessar alitaka ekari nne za kukodi za marehemu ziungane na zake, na Shiumati alikataa, akazikodisha kwa mtu baki. Miaka saba walikuwa wamesalimiana kwa midomo tu.

"Ardhi imeingiaje hapa? Miwa yako imelala. Chupa imesema."

"Chupa imesema, au mwenye chupa? Miwa ile niliikata jumanne asubuhi kwa panga langu. Mibichi, haikuonja moto. Jumatano saa mbili ilikuwa kwenye mizani."

"Kila mkulima hukata jana, shemeji."

Jagessar aliinuka. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na alipokasirika sauti yake ilishuka badala ya kupanda. "Watu kule wanasema umenunuliwa. Mimi nikawaambia hapana, huyu hanunuliki, namjua. Huyu ana kinyongo tu." Akashuka ngazi, akachukua baiskeli yake, akaenda.

Shiumati alibaki akiitazama chai. Neno la kununuliwa halikumuuma sana. Lililomchoma ni jinsi alivyosema mibichi, haikuonja moto. Waongo aliowazoea hawakusema hivyo. Waongo husema ilichomwa kidogo tu, upande mmoja, kwa bahati mbaya.

Jumatatu sokoni wanawake wawili wa Wainidova waliokuwa wakiuza bamia walinyamaza alipopita, wakaendelea kunong'ona alipowapa kisogo. Mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Huyo ndiye Mama Nyekundu." Shiumati hakugeuka. Alinunua bamia kwa mtu mwingine, akazichambua moja moja.

Tangu siku ile alianza kutazama. Kama miwa ilikuwa mibichi kwenye mizani na imelala maabara, basi kulikuwa na mkono njiani, na njiani kulikuwa na mtu mmoja tu: Eparama, dereva wa gari la sampuli, jitu la kilo mia moja na ushei lenye sauti laini, aliyemwita Shiumati didi kama vile ni dada yake mkubwa. Shiumati alimpenda. Lakini mke wa Eparama alikuwa na ndugu sekta ya jirani, na zamu walizopoteza watu wa Wainidova zilikwenda huko huko. Alipokwisha kulipata wazo hilo hakuweza kulitoa kichwani. Akiona Eparama anacheka, alijiuliza anacheka nini. Akimwona kimya, alijiuliza anaficha nini.

Wiki ya nane alimtumia karani wa mizani ya Wainidova barua iliyofungwa kwa gundi, ndani yake nyuzi nyeusi, na maagizo: kila kizibo kifungwe kwa fundo la namna hii, alilolichora. Jumatano chupa zilifika. Mafundo yalikuwa salama. Alichukua lenzi akayatazama moja moja. Salama kabisa. Akachemsha. Buluu ilikufa upesi kama wiki zote, na wekundu ukatanda. Akawaza kwamba mtu anayeweza kuharibu chupa anaweza pia kujifunza fundo.

"Didi," Eparama alisema akiwa ameegemea mlango, "nimeziona nyuzi zako. Mimi ningekuwa mwizi wa maji ya miwa ningeyanywa, nisingekuletea."

Shiumati alihisi uso unapata moto. "Nani amesema wewe mwizi?"

"Hujasema. Umefunga fundo." Alikuwa akitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Jumatano ijayo njoo upande gari. Ukae mbele karibu nami, chupa ziwe mapajani kwako. Ukinikuta na mkono wa tatu, nishtaki."

Alikwenda. Barabara ilipanda milimani kwa kona baada ya kona, na mwendo mzima Shiumati alimtazama dereva mikono. Eparama aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, akasimama mara moja kununua dalo, yaani magimbi ya kuchemsha, na samaki wa kopo kwa mwanamke mmoja kando ya njia, akamgawia nusu. Hakuna kingine alichokifanya.

Kwenye mizani ya Wainidova lori lilikuwa limefika dakika ile ile. Shiumati alipanda juu ya miwa mwenyewe, na koti lake jeupe mwilini, akachomoa mmoja kutoka katikati, akaukata ncha. Ulikuwa unadondosha maji. Aliutia ulimini. Miwa iliyolala ina ladha ya uchachu nyuma ya utamu, na huu haukuwa nayo. Alishuka, na wapakiaji wakamfungulia njia wakimkata jicho.

Karani alikamua, akajaza chupa, akafungua kabati. Akatoa chupa ndogo ya kahawia na kutia matone kumi ndani ya kila sampuli.

"Hiyo ni nini?"

"Dawa ya kuzuia kuchacha, mama. Si ndiyo ya siku zote? Safari ndefu, bila dawa maji yanaharibika kabla ya kufika."

Dawa ya siku zote Shiumati aliijua. Ilikuwa na zebaki, haina rangi, haina mvuke. Alichukua chupa ya kahawia akaisogeza usoni. Pua yake ilikuwa imekufa siku nyingi kwa mivuke ya maabara, haikumwambia kitu, lakini macho yalianza kumwaga machozi.

Eparama alikuwa mlangoni. Alirudi nyuma hatua mbili na kuziba pua kwa kiganja. "Naijua hiyo. Baba yangu alipofariki tulimsubiri kaka kutoka Suva siku tano. Chumba cha maiti chote kilikuwa kinanuka hivyo."

"Ilianza kuja lini?" Shiumati alimwuliza karani.

"Wiki ya nne. Ile ya zamani ilipokwisha."

Shiumati alikumbuka. Tangazo lilibandikwa ubaoni, lenye muhuri na sahihi ya Bwana Muniappa, mkuu wa maabara: dawa ya kuhifadhia sampuli imebadilishwa. Alilisoma akiwa na kikombe mkononi, akaweka saini kuonyesha amesoma, akaendelea na kazi. Yeye aliyevuta mlango mara nne, aliyekagua dengu na mafundo na mikono ya dereva, karatasi ile ilimpita kwa sababu ilitoka juu.

Aliomba miwa sita kutoka lori lile lile, akaikamua kwa mkono wake, akajaza chupa mbili. Moja aliitia matone, nyingine hakuitia. Aliomba pia chupa mbili za kahawia, akazifunga kwa kitambaa. Njia nzima kurudi hakumtazama Eparama mikono.

Maabara ilikuwa tupu, wengine wamekwenda kula. "Kaa hapo," alimwambia Eparama. "Nataka mtu aone."

Hakuanza na miwa. Alianza na maji matupu yaliyokenekwa, maji yasiyo na sukari wala chumvi. Alichemsha buluu, akaimimina ndani yake. Buluu ilibaki buluu, ikichemka kwa utulivu kama bahari nje ya tumbawe. Kisha akatwaa maji yale yale, akayatia matone kumi ya dawa ya kahawia, akachemsha tena buluu mpya.

Kwanza ikawa kijani. Kisha ikawa manjano chafu. Kisha wekundu ukaanza kushuka taratibu mpaka chini.

"Hakuna miwa humo," Eparama alisema.

"Hakuna."

"Sasa imekuwaje nyekundu?"

Shiumati alikaa kwenye kiti. Alizungumza kama anayejieleza mwenyewe. "Shaba haijui anayempa ni nani. Inapokea tu. Mimi nilikuwa nikiona imepokea, nasema katoa sukari, kwa kuwa siku zote ni sukari iliyotoa. Kumbe hii dawa ya maiti nayo ni mtoaji. Tulikuwa tukiitia sisi wenyewe kwa mkono wetu, halafu tunawalaumu wakulima."

Chupa mbili za miwa zilithibitisha yaliyobaki. Ile isiyo na dawa ilikuwa mibichi, chini kabisa ya mstari. Pacha wake, maji ya miwa ile ile, aliruka mstari. Shiumati aliyatazama matokeo na kuwaza majina: kundi la Jagessar, kundi la wale wanawake wa bamia, kundi la tatu ambalo hata hakumjua kiongozi wake. Wiki tatu za malori kusimama. Aliinua kichwa.

"Eparama. Zile nyuzi."

"Zimekwisha hizo, didi," alisema, macho kwenye funguo za gari.

Bwana Muniappa alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa mtu mbaya. Alibadilisha dawa ile kwa sababu ya kweli: maji yenye zebaki yalikuwa yakimwagwa kwenye mtaro wa mizani, na bata wa watu walikuwa wakifa. Shiumati alimwekea mezani gilasi ya wekundu na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nani mwingine ameona?"

"Eparama."

"Dereva."

"Dereva, ndiyo. Ana macho."

Muniappa alisogeza gilasi kando kwa kidole kimoja. "Tutafanya hivi, Bibi Shiumati. Dawa hiyo tunaiacha leo. Chupa za Wainidova zitaletwa kwenye barafu. Matokeo yatashuka yenyewe, makundi yatarudi, msimu utakwisha. Hakuna haja ya kutangaza."

"Na wiki tatu walizokaa nje?"

"Nani atathibitisha kwamba miwa yao haikuwa imelala? Imeshasagwa au imeoza." Kisha akaongeza, bila ukali, akizipanga kalamu zake, "Sahihi kwenye zile karatasi ni mbili. Lakini aliyepima ni mmoja."

Shiumati alitoka. Korido aliiona ndefu kuliko siku nyingine. Je, mtu huyu alikosea tu, au alijua tangu mwanzo? Mkemia wa chuo kikuu anawezaje kutojua kwamba dawa ile inatoa? Alijiuliza hivyo siku mbili, jikoni, kitandani, bafuni. Halafu akajiuliza yeye mwenyewe aliwezaje kulisoma tangazo lile bila kuuliza ni dawa gani.

Chupa moja ya kahawia aliiacha maabara. Ya pili aliipeleka nyumbani, akaifungia ndani ya kasha la bati chini ya sari zake. Ijumaa alipofungua kabati la maabara, ile aliyoiacha haikuwepo. Muniappa alisema dawa yote imerudishwa hospitali ilikotoka. Huenda ilikuwa kweli. Shiumati hakwenda kuuliza hospitali. Alikwenda kwa Eparama na kumwomba lifti.

Jumamosi mchana wakulima wa Wainidova walikuwa wamekutana kwenye banda lao la mikutano, bakuli la kava, kinywaji chao cha mizizi, katikati, watu wapata arobaini. Shiumati aliingia na kikapu. Mazungumzo yalikatika. Jagessar alikuwa mbele, mikono kifuani.

"Umekuja kutusomea nyekundu nyingine?" mtu mmoja aliuliza, na wachache wakacheka bila furaha.

"Nimekuja kuwaonyesha kitu," alisema Shiumati, akatoa stovu, gilasi, dawa zake mbili za kuchanganya buluu, na chupa ya kahawia. Alianza kueleza, akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo.

"Ngoja," Jagessar alisema. "Maji hayo ni ya nani?"

"Ya maabara."

"Hatuyataki. Tutatumia ya tangi letu."

"Vizuri."

"Na gilasi zako hatuzijui. Mleteeni za banda. Zioshwe hapa, tukiziona."

Zikaletwa, zikaoshwa. Mzee mmoja akasema buluu yenyewe huenda ina hila, basi ichemshwe kwanza na maji ya tangi peke yake. Mwingine akasema na ichemshwe na sukari ya dukani, waone. Mwingine akasema matone asitie yeye, atie mtu wao. Kila walilolitaka Shiumati alikubali, na kadiri walivyozidi kumshuku ndivyo moyo wake ulivyozidi kutulia, kwa kuwa hata yeye hakuwa na njia bora ya kuipima dawa ile kuliko ya watu wasiomwamini. Maji ya tangi yalichemka na buluu: buluu. Sukari ya dukani: buluu, na watu wakatazamana, kwa kuwa walidhani sukari yoyote ingeigeuza. Kisha Jagessar alichukua chupa ya kahawia, akakunja uso kwa ile harufu, akahesabu matone kumi kwa sauti ndani ya maji ya tangi lao wenyewe.

Banda zima liliinama. Kijani. Manjano. Wekundu ukashuka.

Kisha mmoja wa wale wanawake wa bamia, aliyekuwa amesimama nyuma na mumewe, aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, "Wewe ni mtaalamu. Kwa nini ilikuchukua wiki zote hizo?"

Shiumati alikuwa ameandaa maneno mengi juu ya zebaki na bata na tangazo. Hakuyatumia. "Kwa sababu niliamini mnadanganya," alisema. "Nikawatafuta waongo. Nilimtafuta hata dereva. Dawa sikuitafuta."

Mtu mmoja alitoka nje akitukana. Wengine walianza kusema wote pamoja. Mmoja alisema sasa amenunuliwa upande wa pili, na chama cha wakulima kimempa kitu. Jagessar aliirudisha chupa ya kahawia ndani ya kikapu cha Shiumati, akaifunika kwa kitambaa, kisha akabadilisha mawazo, akaitoa tena. "Hii inabaki hapa," alisema. "Kwa usalama wake."

Jumatatu wakulima walipeleka barua kiwandani pamoja na matokeo ya Shiumati, naye alitia sahihi chini ya jina lake, safari hii peke yake. Muniappa hakumfukuza. Asingeweza, kwa sababu wakulima arobaini walikuwa wameona. Makundi matatu yalirudishwa zamuni na kuongezewa wiki moja ya mwisho wa msimu, lakini mvua zilitangulia, na sehemu kubwa ya miwa ya Jagessar ilibaki imezama matopeni. Hilo halikurekebishika. Muniappa alizungumza na Shiumati kwa vijikaratasi mpaka msimu ulipokwisha, kisha akahamia kiwanda kingine, na hakuna aliyepata kujua kwa hakika alijua nini na lini. Shiumati alikuwa na maoni yake. Siku moja aliamini hivi, siku nyingine vile.

Sharti moja wakulima hawakulilegeza: mtu wao awe anakaa maabara kila jumatano, chupa zao zinapopimwa. Wakamchagua Jagessar. Alikuja na miwani ya kusomea na daftari la shule, akaomba kiti, akakiweka mahali ambapo angeona mikono yote miwili ya Shiumati. Wiki ya kwanza hawakuzungumza. Wiki ya pili aliuliza kwa nini anachemsha dakika mbili na si tatu. Wiki ya tano aliandika kwenye daftari lake nani mtoaji na nani mpokeaji, akakosea, akayapindua majina kama Shiumati alivyowahi kuyapindua, na Shiumati akamsahihisha bila kumcheka.

Msimu uliofuata, jumatano moja ya mwezi wa tisa, Jagessar alinyanyua kidole. "Shemeji, hiyo buluu yako ya leo si ya wiki iliyopita. Imepauka."

"Imepauka wapi? Ni mwanga."

"Si mwanga. Itazame."

Shiumati alikasirika. Aliichukua chupa akaipeleka dirishani, akaipima kwa sukari inayojulikana kipimo chake, akakuta mchanganyaji wa asubuhi alikuwa amepunguza shaba. Alimwaga yote. Siku nzima hakumsemesha Jagessar, naye Jagessar alikaa akiandika, akijitahidi uso usionyeshe kitu. Saa kumi na moja Jagessar alipokuwa akivaa viatu vyake mlangoni, Shiumati alimwuliza, bado amempa kisogo, kama angependa kuzilima zile ekari nne za Rampal msimu ujao, kwa maandishi, mbele ya wakili.

"Wakili wa nani?" Jagessar aliuliza.

"Chagua wewe."

Jagessar alifikiri huku amekamata kiatu. "Nitataka wawili," alisema.

"Hata mimi," alisema Shiumati, akaendelea kuosha gilasi.